Gunia la Ukoka

Mume wangu Fikirini anaotesha majani. Leo nalisema kwa mdomo mpana kwa sababu siku zote alinikataza kulitamka. Majani, ndiyo. Si mpunga, si mihogo, si ufuta. Ukoka! Anaupanda, anaupalilia, anaumwagilia maji, anautia samadi, na ukishanona anaukata na kuutupa. Mbuzi akiusogelea anafukuzwa kwa mawe. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha, na mie sijaionea haya hata siku moja. Mwenye haya alikuwa yeye.

Lakini nisimwonee. Fikirini kazaliwa Mtunda, kwa wakulima, na kwa wakulima adui wa kwanza ni majani, kabla ya nguruwe na kabla ya nyani. Kwetu uwanja wa nyumba ni mchanga mtupu uliofagiwa, nyoka akipita umwone, sindano ikidondoka uiokote. Majani yakisogea barazani watu wanaulizana, mwenyewe kafa au kahama? Sasa mwanamume aliyelelewa hivyo asimame mbele ya ukoo wake aseme, kazi yangu ni kuotesha majani hadi mlangoni. Alikuwa radhi aumwe na huyo nyoka.

Ujanani alikuwa akibeba nguzo za mikoko kule Nyamisati, mpaka mgongo ukakataa. Akaenda Dar es Salaam, akapata kibarua cha kufagia kwenye nyumba moja ya Mbezi, na mzee aliyekuwa akitunza bustani pale ndiye aliyemfundisha. Akaipenda ile kazi, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa. Angekuwa anaichukia asingeona aibu kiasi kile.

Bi Amal ndiye mwenye nyumba yetu. Ni wa zile familia za zamani za biashara za mtoni, anaishi Dar, ila kajenga hapa Kibiti kwenye kiwanja cha babu yake na huja siku za sikukuu. Sisi tunakaa kibanda cha uani. Alitaka ukoka mbele ya nyumba, kuanzia geti mpaka barazani, na Fikirini akampa. Masika ukoka unakua kama umetukanwa, hapo kila wiki yuko na mashine, na pembeni anamalizia kwa mkasi, kapiga magoti. Ndago, yale magugu sugu, zikichomoza anazifukua moja moja na kile kitunguu cha mzizini, maana ukikata juu tu umezialika. Kiangazi anamwagilia alfajiri kabla jua halijakaza, anaacha majani marefu kidogo ili ardhi isiungue. Vuli anatia samadi, anaziba mapengo kwa vipando, anapogoa ua wa michongoma na mawaridi. Mie nikimpelekea chai namkuta anautazama ule ukoka kwa macho ambayo mke wake nayatafuta siku nyingi. Nikimtania, "Baba Miraji, na mie nimwagilie basi," anacheka huku anaangalia barabarani, asije mtu wa kwao akapita akamwona na mkasi mkononi.

Mama yangu, Bi Kuruthumu, yuko Umwe. Siku ya posa mshenga aliulizwa kijana anafanya kazi gani, akajibu kama alivyofundishwa na Fikirini: ni msimamizi wa nyumba ya tajiri. Basi! Mama akalibeba neno lile akalitangaza Umwe nzima, visimani, mashineni, msibani. Mkwe wangu msimamizi. Mie nililijua baadaye, nishaolewa, na nikamwambia mume wangu palepale amweleze mama ukweli. Nikamwambia mficha uchi hazai.

"Mbona tumezaa?" akanijibu, Miraji wetu yuko mgongoni.

"Hayo ndiyo majibu yako?"

"Zabibu, yule ni mkwe. Nitamwambia nini? Mama, binti yako nimemwoa kwa majani?"

Nikamwacha. Mwanamume akishaamua kujisumbua mwenyewe, mwachie apumzike akichoka.

Mwaka huu baada ya Idi Kubwa nikajifungua mtoto wa kike. Wakati huohuo Bi Amal akapiga simu kwamba harusi ya binti yake Maryam itafanyika Kibiti, Jumamosi, nje, juu ya ukoka. Wakwe zake watarajiwa wanatoka Dar, keshawaonyesha picha, keshawaambia bustani yake haina mfano pwani nzima. Masika yalikuwa ndiyo yanaaga, ukoka umenona, ukiukanyaga unazama. Fikirini alikuwa halali vizuri kwa furaha.

Mama akaja Jumatano jioni kunilea arobaini yangu, pamoja na shangazi Mwanawetu na wanawake wengine wa kwetu, na vikapu vya unga na pilipili manga. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika hapa, maana Miraji nilikwenda kumzalia Umwe, na kiza kilishaingia, hawakuona kitu. Fikirini alimwamkia mama kwa mbali, kainamisha kichwa, kama inavyompasa mtu na mkwe wake, na mama akamwitikia kageuza uso na ushungi kauvuta. Hawajawahi kupeana mkono hao. Hawajawahi kula chombo kimoja. Alfajiri mume wangu akaondoka kwenda Ikwiriri kuchukua maua ya kwenye vyungu kwa ajili ya harusi. Nafikiri pia alikuwa anakimbia. Alikuwa hajui atamtazamaje mama asubuhi, na ukoka wote ule uko pale unang'aa na umande.

Mama akatoka nje kulipokucha. Akauona.

Hebu mfikirie. Mkwe wake msimamizi, uwanja aliokabidhiwa umejaa majani hadi ngazi ya baraza, na keshokutwa watu wa Dar wanakuja harusini! Kwamba majani yale yalikuwa mafupi na sawasawa hakukumshangaza. Kwa mtu wa jembe maana yake ilikuwa moja tu: kijana hakuwa na nafasi, mke ni mzazi, kafyeka juujuu akaacha mizizi. Kazi ya mtu aliyeelemewa. Na mtu akielemewa kwetu hatumwulizi, tunaingia shambani.

Mie nilikuwa ndani, shangazi Mwanawetu ananikanda kwa maji moto, kitambaa kinaunguza mpaka machozi yananitoka. Nikasikia majembe. Kwatu, kwatu, kwatu, na wanawake wanaitikiana, na mama sauti yake juu ya zote. Nikadhani wanasafisha nyuma ya jiko, pale palipoota magugu ya masika. Yarabi, nikapaza sauti nikawaambia, "Asanteni mama zangu, Mungu awape nguvu!" Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo naufunika uso kwa khanga.

Walipomaliza mama akaja mlangoni, jasho linamchuruzika, mikono imejaa udongo, anacheka kama msichana. "Njoo uone, Zabibu. Shughulikia mwanao kwanza, halafu njoo uone."

Nikachungulia. Kutoka getini mpaka barazani, mchanga mtupu. Umefagiwa kwa fagio za chelewa, ile mistari ya fagio imelala vizuri hata huthubutu kukanyaga. Michongoma wameiacha, mawaridi wameyaacha. Ukoka wote wameulundika pembeni na wameutia moto, na moshi mweupe mzito unapanda taratibu.

"Tumekwatua mpaka chini kabisa," mama akasema. "Mzizi hata mmoja haukubaki. Mwambie mkwe asiwe na wasiwasi."

Ningesema nini, jamani? Mdomo wangu mie hauna breki, wanaonijua wanajua, lakini siku ile ulifunga. Nikamtazama mama yangu mtu mzima, kainamia jembe asubuhi nzima kwa ajili ya mume wangu, na nikaona haya mpaka maziwa yakakauka. Nikasema asante. Nikarudi kitandani nikageukia ukutani.

Bajaji ikasimama getini jua likiwa kichwani. Fikirini akashuka na chungu cha maua kakikumbatia. Nilimwona kutoka dirishani. Alisimama pale getini muda mrefu, yule dereva akawa anamsemesha, yeye hamsikii. Mama akajisogeza pembeni ya jiko, akavuta ushungi, akatazama kando, akasema kwa sauti ya unyenyekevu na furaha pamoja:

"Mkwe, tumekusitiri."

Lo! Neno gani lile. Mume wangu akaweka chungu chini polepole, akainama mpaka mikono ikagusa magoti.

"Ahsante, mama. Mungu akuzidishie. Mmenistahi sana."

Akazunguka nyuma ya kibanda. Nilipomfuata nilimkuta kachuchumaa, kaziba uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika bila sauti. Nikataka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Nakwenda kumwambia," nikasema. "Nakwenda sasa hivi. Haya yote ni uongo wako!"

Akanishika khanga. "Usithubutu. Kafanya kwa mapenzi. Ukimwambia umemwua mama yako kwa aibu, mbele ya wenzake. Aibu ni yangu, niachie."

"Na Bi Amal?"

"Nitamwambia ni mimi. Ukoka uliingia ugonjwa, nikaukwatua."

"Atatufukuza, Fikirini. Na kichanga hiki!"

Alikwenda kuzima ule moto kwa ndoo ya maji, akachakura kwenye majivu akitafuta vipando vilivyo hai. Mama alipomwona akanong'oneza wenzake kwamba mkwe wake ni mtu safi, hata majivu hataki yabaki uwanjani.

Ijumaa mchana Bi Amal akaingia na watu wake wa mapambo, gari limejaa viti na vitambaa. Alishuka anaongea na simu. Akanyamaza katikati ya neno.

"Fikirini!"

Fikirini akaja mbio, akasimama mbele yake. Mie nilikuwa mlangoni na mtoto kifuani, arobaini au si arobaini. Mama na wenzake walikuwa jikoni wanapika uji wangu.

"Bustani yangu iko wapi?"

"Nimeikwatua, bibi. Iliingia ugonjwa. Nilikosea, nisamehe."

"Ugonjwa? Juzi umenitumia picha! Ugonjwa gani wa siku moja?" Bi Amal hakuwa mtu mbaya, lakini watu wa mapambo walikuwa wanamtazama, na kesho wangemtazama wakwe. "Mwaka baada ya mwaka nimekuweka hapa kwa kazi moja tu. Moja! Uoteshe majani, uyatunze majani, uyakate majani. Na wewe unayang'oa kuelekea harusi ya mwanangu kama shamba la mihogo! Una akili wewe? Kazi ya majani imekushinda, utaweza nini duniani? Chukua mkeo, chukua watoto, sitaki kuwaona hapa baada ya kesho."

Mume wangu akapiga magoti palepale kwenye mchanga. "Mke wangu mzazi, bibi. Tupe arobaini iishe."

Jikoni upawa ulianguka.

Nikageuka. Mama alikuwa kasimama mlangoni pa jiko, na usoni pake niliona anaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Kazi ya mkwe wake ni ipi. Yale majani yalikuwa nini. Nani kayaua. Na nani anapiga magoti kwa ajili ya nani. Ushungi ulimteremka mabegani, hakuuinua. Akatembea mpaka katikati ya uwanja, akapita mbele ya Fikirini, akapiga magoti na yeye.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi na jembe langu. Huyu mtoto anakudanganya. Nilidhani ni magugu."

Fikirini aligeuza uso upande, akaufunika kwa kiwiko, maana mkwe wake alikuwa kichwa wazi, magotini, ubavuni pake. Sijaona aibu ya namna ile. Hata watu wa mapambo walitazama chini. Shangazi Mwanawetu akaja mbio na khanga akamfunika mama, naye shangazi analia.

Bi Amal ni mtu wa pwani yule, mambo ya mkwe hafundishwi. Alimtazama mama, akamtazama mume wangu aliyejificha uso, hasira ikamtoka kidogo kidogo.

"Inuka, mama," akasema mwishowe. "Inuka tafadhali. Kesho na mie nitakuwa mkwe wa mtu." Halafu akamgeukia Fikirini, sauti ikakaza tena. "Lakini wewe umenidanganya usoni. Kaeni. Vuli ikipita bila ukoka hapa, mtahama, na sitasikiliza mtu."

Harusi ikafungwa juu ya mikeka, na sitawadanganya kwamba ilipendeza. Vumbi liliingia kwenye pilau. Bi Amal alitabasamu siku nzima kwa meno tu.

Mama hakungoja. Jumamosi ileile alfajiri alifunga kikapu chake, akambusu mtoto, akaondoka kwenda Umwe, arobaini yangu akamwachia shangazi. Hakumuaga mkwe wake. Nikampigia simu, akipokea anauliza watoto tu. Nikimtaja Fikirini anasema mtandao mbaya. Mama yangu! Mtandao Umwe unashika mpaka shambani.

Na ukoka? Kiangazi chote mume wangu alimwagilia mchanga mtupu kila alfajiri, akitumaini kuna mzizi uliosahaulika. Ziliota ndago tu. Mama alisema kweli, akikwatua haachi kitu. Vipando alivitafuta kwa jamaa wa Mbezi, yule mzee keshafariki na nyumba imewekwa vigae uwanja mzima. Mie nikaanza kukusanya vyombo taratibu, Fikirini akijifanya haoni. Alikonda. Usiku wala mchana hakuwa akisema habari ya kazi wala ya kuhama, ila ya mama. "Alipiga magoti mbele yangu, Zabibu. Mkwe wangu. Kwa sababu mimi niliona haya kutamka neno moja." Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na safari ile sikuyatumia.

Mvua za kwanza za vuli zikanyesha. Asubuhi moja geti likagongwa, nikafungua, nikamkuta mama na gunia kubwa limelowa, kaliburura mwenyewe kutoka kituoni. Nyuma yake konda wa basi kasimama na kikapu chake, anacheka hana mbavu.

"Dada, huyu bibi kiboko!" konda akasema. "Nimemwambia bibi, gunia liende juu kwenye keria, kakataa, kalipakata njia nzima. Abiria wakamwuliza kabeba nini cha thamani hivyo. Basi zima limemsikia. 'Ukoka,' anasema. 'Mkwe wangu kazi yake ni kuotesha majani. Nampelekea mbegu.' Watu wamecheka kutoka Ikwiriri mpaka hapa, na yeye anawatazama tu."

Fikirini alikuwa nyuma yangu. Kila neno kalisikia.

Mama hakumtazama. Alivuta ushungi wake, akaketi chini mwanzoni mwa uwanja, akafungua gunia. Ukoka wa kingo za mto, mbichi, na udongo wake mweusi kwenye mizizi, umefungwafungwa kwa kamba za mgomba kama miche ya mpunga. Mikono ya mama ilikuwa imechanikachanika.

"Zabibu," akasema, macho mchangani. "Mwambie mumeo anionyeshe unavyopandwa. Mie najua kuung'oa tu."

Fikirini akaja akapiga magoti upande wa pili wa gunia. Akachimba shimo kwa kidole, akalaza kipando, akakandamiza udongo. Mama akamwiga. Wakaenda hivyo wawili wale, mstari kwa mstari, kila mmoja kainamisha uso, mvua inawadondokea, na mie nimesimama barazani na mtoto.

Walipofika katikati mama akauliza, bado haangalii, "Ukikua unaliwa na nini?"

"Hauliwi, mama."

"Basi unafanywa nini?"

"Unakatwa. Unaota tena." Akachimba shimo jingine. "Ndiyo kazi yangu, mama. Naotesha majani ya watu."

Mama akakandamiza kipando kingine, akakipigapiga kwa kiganja.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Nisingeshika jembe."